Saini ipo, ari haipo

Tangu PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa mtumishi mmoja mmoja, uchukue nafasi ya OPRAS, ule wa fomu za karatasi, katika mwaka wa fedha 2023/24, mjadala kuhusu utendaji wa watumishi wa umma Tanzania umebaki na kambi mbili zinazopigiana kelele. Kambi ya kwanza inasema dawa imepatikana. Mtumishi anaingia kwenye mfumo, anaandika majukumu yake, anaeleza alichotekeleza, msimamizi anathibitisha, na alama zinabaki humo zikimsubiri siku ya kupandishwa daraja. Mzembe hana tena pa kujificha. Kambi ya pili utaikuta kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu na wauguzi, hasa usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya kujaza. Hiyo inasema mzigo umeongezwa juu ya mzigo: simu ni ya mtumishi, bando ni la mtumishi, mtandao unagoma, na msimamizi mwenye watu arobaini chini yake anaidhinisha yote kwa mkupuo bila kusoma hata mstari mmoja.

Kila kambi ina ukweli wake, na nitaufikia. Ila naona zote mbili zinagombania kipimajoto huku mgonjwa amelala pembeni. Kinachowasumbua watumishi wengi ni kitu ambacho hakuna fomu iliyowahi kukigusa, ya karatasi wala ya mtandaoni: wameacha kazi bila kuondoka kazini. Wanafika, wanasaini, wanakaa, wanarudi nyumbani. Hoja yangu ni kwamba hali hiyo haiondoki kwa kuhesabu majukumu vizuri zaidi, na haiondoki kwa mshahara peke yake, ingawa mshahara ni haki. Ari hurudi pale mtu anapoona kazi yake inaishia wapi, anapokuwa na neno la kusema kuhusu namna ya kuifanya, na anapolipwa anachostahili bila kukiomba kama msaada. Mfumo mpya ungeweza kusaidia katika mambo mawili ya mwanzo. Kwa jinsi tunavyoutumia, unayasukuma mbali zaidi.

Lugha yetu ililijua jambo hili kabla ya maofisa utumishi kulipa jina. "Bora liende." "Kazi ya serikali haiishi." "Nasogeza siku." Anayesema hivyo huwa tunamwita mvivu, lakini mkute mtu huyohuyo jioni kwenye banda lake la kuku au kwenye duka lake la vifaa vya shule, utajiuliza nguvu zile alizificha wapi tangu asubuhi. Ziko takwimu pia. Benki ya Dunia ilipozitembelea shule za msingi za Tanzania kwa kushtukiza mwaka 2010, ilikuta asilimia 23 ya walimu hawapo shuleni. Iliporudi mwaka 2014, idadi ilikuwa imeshuka hadi asilimia 14 hivi, na hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini walipohesabiwa wote ambao hawakuwa darasani wakati walipopaswa kuwa wanafundisha, wakiwemo waliokuwa palepale shuleni, ilikuwa asilimia 53 mwaka 2010 na bado ilikuwa asilimia 47 mwaka 2014. Mwalimu alirudishwa hadi getini. Kutoka getini hadi ubaoni ni mwendo wa dakika mbili, na ndiko tulikoshindwa. Daftari la mahudhurio liliona amefika, na kwa upande wake lilisema kweli.

Tukumbuke tulikotoka. Kabla ya OPRAS, mkubwa wa kazi alikuwa akijaza taarifa ya siri kuhusu mtumishi wake, na mtumishi hakujua kilichoandikwa hadi pale cheo kilipompita. OPRAS ilipoanza mwaka 2004 ilikusudiwa kuimaliza siri hiyo. Uwazi ulikuwemo ndani ya jina lake: ile O ya mwanzo ni "Open", yaani wazi. Mkubwa na mtumishi wangekaa pamoja Julai, wakubaliane malengo, wakutane tena katikati ya mwaka, kisha wapimane Juni. Wazo lilikuwa zuri mno. Kilichotokea kila mtumishi anakijua: fomu zilijazwa zote siku moja, Julai na Desemba na Juni kwa kalamu ileile, mara nyingi kwa kunakili ya jirani, pale tu zilipohitajika kwa ajili ya kupanda daraja. Mazungumzo yaliyokuwa roho ya mpango wenyewe hayakufanyika. Tukabaki na karatasi. Kwa hiyo anaposimama mtu leo na kusema PEPMIS imekomesha ujanja wa OPRAS, namuuliza: je, imeyarudisha yale mazungumzo? Kama jibu ni hapana, basi tumehamisha karatasi kwenye simu.

Kati ya kuanza kwa OPRAS na kuja kwa PEPMIS kuna kipindi ambacho hakitajwi sana katika mjadala huu, nacho ndicho kilichoacha kovu. Mwaka 2015 tuliingia enzi ya "Hapa Kazi Tu", kaulimbiu ya Rais Magufuli. Mwaka uliofuata uhakiki wa watumishi hewa ulisimamisha ajira mpya na upandishaji wa madaraja. Aprili 2017 orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi ilikabidhiwa kwa Rais pale Dodoma. Usafishaji ulihitajika, na wananchi wengi waliufurahia, mimi nikiwemo. Lakini aliyekuwa na cheti halali na kazi halali naye alisimamishiwa daraja, nyongeza yake ya mwaka ikayeyuka, na hakuna aliyemwambia lini itarudi. Mei Mosi ya 2021 pale Mwanza kilichopatikana ni kodi ya mshahara kwa kiwango cha chini kushushwa kutoka asilimia 9 hadi 8. Nyongeza ya kima cha chini ya asilimia 23.3 ilikuja 2022, kisha 2025 ikatangazwa ya asilimia 35.1, iliyokipandisha kima hicho kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Pembeni ya yote hayo kulikuwa na kikokotoo cha mafao ya kustaafu. Aliyetarajia kuchukua nusu ya mafao yake kwa mkupuo akasikia asilimia 25 mwaka 2018, akasikia imesitishwa, akasikia 33 mwaka 2022, akasikia 40 mwaka 2024. Mtu aliyeishi miaka hiyo amejifunza kwamba bidii yake na hatima yake ni vitu viwili visivyofahamiana. Ukimletea mfumo unaoahidi kuviunganisha, atakusikiliza kwa adabu na kujaza anachotakiwa kujaza.

Kambi ya nidhamu ina hoja yenye uzito, na sitaki kuipita haraka. Wapo watumishi wanaokula mshahara bila kazi, na wapo wagonjwa na wanafunzi wanaolipia. Bila kipimo chochote, anayefanya kazi na asiyefanya wanapanda daraja pamoja, na hakuna kinachomkatisha tamaa mchapakazi kuliko hicho. Majirani zetu waliona hivyohivyo. Kenya ilianza mikataba ya utendaji kwa mashirika ya umma mwaka 2004, na mwaka 2016 tume yao ya walimu ikaleta mfumo wa tathmini wa TPAD. Rwanda ina imihigo tangu 2006, ambapo viongozi wa wilaya huahidi malengo hadharani mbele ya Rais. Kwa hiyo hatukubuni jambo la ajabu. Ila hata huko Kenya, walimu na chama chao hawakulalamikia kupimwa tu. Walilalamikia kwamba muda wa kuandaa ushahidi wa kufundisha unakula muda wa kufundisha. Hapo ndipo hoja ya nidhamu inapoanza kuchechemea. Mfumo unaoona kilichoandikwa tu humfundisha mtu kuandika. Mwalimu aliyekaa usiku akimfundisha mtoto mmoja asiyesoma, na mwalimu aliyekaa usiku akipanga andalio la somo lipendeze kwa mkaguzi, wataonekana sawa, na huenda wa pili akaonekana bora.

Kambi ya maslahi nayo inasema: lipeni kwanza, mengine baadaye. Hapa naikubali nusu nzima bila kusita. Malimbikizo ya mtumishi yakikaa miaka, anayedai hayo malimbikizo hajaomba hisani. Mtumishi anayekatwa marejesho ya mkopo wa kausha damu kabla hata mshahara haujamfikia hana nafasi kichwani ya kutafakari maana ya kazi yake. Anayemhubiria ari huku anamdai fedha yake anamtukana. Nusu ya pili ndiyo inayonishinda: imani kwamba fedha ikishatoka, ari itafuata yenyewe. Tungekuwa hatuna ushahidi wa nyumbani ningenyamaza, lakini tunao, na ni mmoja wa majaribio makubwa ya elimu kuwahi kufanyika barani Afrika.

Mwaka 2013 na 2014, chini ya mpango wa shirika la kiraia la Twaweza ulioitwa KiuFunza, shule 350 za msingi katika wilaya kumi za Tanzania ziligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi zilipata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Baadhi hazikupata ruzuku, ila mwalimu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la somo lake la kusoma au kuhesabu. Baadhi zilipata vyote viwili, na nyingine hazikupata kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Ruzuku peke yake haikuongeza ufaulu. Motisha peke yake ilileta matokeo ya kuyumbayumba. Vilipokutana, watoto walijifunza zaidi waziwazi, na faida ilizidi jumla ya ile iliyopatikana kila kimoja kilipokuwa peke yake. Wachumi wanayasoma matokeo haya kama somo la vifaa na motisha kutegemeana, na wako sahihi. Mimi naona jambo jingine ndani yake. Motisha ile haikuhesabu vikao, maandalio wala saini. Ilihesabu mtoto anayesoma. Mwalimu wa kundi la tatu alikuwa na chaki na vitabu mkononi, na alikuwa na jibu la swali ambalo walimu wetu wengi hawaulizwi kamwe: wangapi wamejua kusoma kwa sababu yako? Fedha ilikuwemo, sikatai. Lakini ilifuata njia ambayo mwalimu aliweza kuiona kwa macho yake, kutoka mkono wake hadi mdomo wa mtoto.

Kuna hoja ya tatu, ya wastaafu na wanasiasa: ualimu ni wito, uuguzi ni wito, zamani tulifanya kazi kwa moyo. Zamani hiyo haikuwa hadithi. Nchi iliyotoka kwenye "Uhuru na Kazi" ilitangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwa takwimu rasmi wasiojua kusoma walishuka kutoka kama asilimia 67 wakati huo hadi asilimia 9.6 mwaka 1986. Waliofanya kazi hiyo, wengi wakiwa walimu wa kawaida waliofundisha jioni chini ya miti, hawakutajirika. Lakini wanaopenda kuisimulia zamani hiyo husahau upande wake wa pili. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971, katika kifungu chake cha 15, uliwakataza viongozi dharau na uonevu, na wafanyakazi wakauchukulia kwa uzito kuliko waandishi wake walivyotarajia. Miaka miwili iliyofuata viwanda vya Dar es Salaam vilijaa migomo, na mingi haikuanza na madai ya mshahara. Ilianza na meneja aliyetukana, aliyefuja mali, aliyewaona wafanyakazi kama vyombo. Mwaka 1973 pale kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, wafanyakazi walimfungia nje mwenye kiwanda na kuendelea na uzalishaji wenyewe. Watu waliozembea chini ya bosi wamgomee bosi ili wafanye kazi! Moyo wa zamani, kumbe, ulikuja pamoja na madai ya kuheshimiwa. Kisha ukaja uchumi wa miaka ya themanini, mshahara ukapoteza thamani, mwalimu akaanza kuuza vitumbua kwa wanafunzi wake, na neno "wito" likabaki kutumiwa na wanaotaka afanye kazi bila kudai.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayopigiwa makofi kuliko zote: aliyechoka apishe, vijana wenye digrii wamejaa mtaani. Nimeisikia kwenye daladala, nimeisikia bungeni, nimeisikia hata kwa kijana mwenyewe aliyeisubiri ajira kwa miaka sita. Ina mvuto wa hesabu rahisi: toa mmoja aliyechakaa, weka mmoja mpya. Lakini ingekuwa tatizo ni mtu, kila ajira mpya ingeleta shule mpya. Sote tumemwona mwalimu kijana akiripoti na sanduku lake, shati limenyooshwa, ana mipango ya klabu ya sayansi. Mwezi wa tatu bado anafuatilia fedha ya kujikimu. Mwaka wa kwanza anaambiwa kikaoni kwamba mawazo yake ni mazuri lakini yasubiri. Mwaka wa tatu anakaa kiti kilekile, chini ya mwembe uleule, anamfundisha aliyeripoti jana namna ya kusogeza siku. Kiti ndicho kinachomchosha anayekikalia. Ukimtoa mzee na kumweka kijana bila kukigusa kiti, umenunua miaka mitatu. Halafu kuna ukatili fulani katika hoja hiyo: inamtumia kijana asiye na ajira kama fimbo ya kumchapia mwenye ajira, na siku kijana akiajiriwa atachapwa kwa fimbo ileile.

Mwanasaikolojia wa Marekani William Kahn, aliyeliweka jambo hili kwenye vitabu mwaka 1990, hakuanza na wazembe. Aliwatazama walezi wa kambi ya watoto na wafanyakazi wa kampuni ya wasanifu majengo, akaona kwamba mtu yuleyule kuna saa anajitoa mzimamzima na saa anajificha ndani ya kazi yake. Akasema, bila kujitambua, mtu huwa anajiuliza maswali matatu: nikijitoa kuna maana gani, nikijitoa niko salama kiasi gani, na je, nina nguvu za kujitoa? Yalete hayo maswali kwenye shule ya msingi. Maana: mwalimu wa darasa la pili haambiwi watoto wake walifika wapi walipofika darasa la saba, anachorudishiwa ni asilimia ya ufaulu ya halmashauri iliyobandikwa ukutani. Usalama: anayesema kikaoni kwamba mpango haufai anaweza kuamkia na barua ya uhamisho "kwa manufaa ya umma". Nguvu: darasa la watoto mia, zamu, usimamizi wa uji, na sasa kujaza mfumo. Swali la kwanza likikosa jibu, la pili likatisha na la tatu likajibiwa kwa uchovu, mtu huyo kujificha ni akili timamu. Nashangaa zaidi kwa wale wasiojificha.

Mmoja wao nilimkuta mkoani Pwani, katika ofisi ya walimu ya shule ya msingi ambayo sitaitaja. Ni mwalimu wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kapita hamsini, ana kikohozi cha chaki. Mezani kwake kulikuwa na simu iliyopasuka kioo pembeni, mfumo umegoma kufunguka kwa mara ya tatu asubuhi ile. Chini ya simu kulikuwa na daftari la kurasa 80, jalada limefungwa kwa gazeti. Nikaomba kuliona. Lilikuwa na majina ya watoto wote wa darasa la pili, 108, kila jina na mstari wake, na mbele ya baadhi ya majina palikuwa na tarehe kwa wino mwekundu. Nilidhani ni michango. Akacheka. Tarehe ile, aliniambia, ni siku mtoto aliposoma aya nzima mbele yake bila kusaidiwa. Majina 37 yalikuwa na tarehe. Mbele ya jina moja palikuwa na tarehe na alama ya mshangao tatu. Huyo, alisema, alikuwa amekaa mwaka mzima bila kutamka silabi, kumbe hasikii vizuri sikio moja, ikabidi ahamishwe kiti. Nikamuuliza kwa nini haya hayaingii PEPMIS. "Mwanangu, huko wananiuliza nimefundisha mada ngapi," alisema. "Hawa wako huku."

Sijaweza kuliondoa daftari lile kichwani, maana lina kila kitu ambacho mfumo wetu unadai kukitafuta. Lina lengo, lina kipimo, lina tarehe, na halidanganyiki kirahisi: mwite mtoto asome. Hakuna aliyemwagiza mwalimu yule alianzishe, na hakuna daraja litakalompandia kwa sababu yake. Kuna utafiti unaokaribiana na jambo hili, alioutoa mwanasaikolojia Adam Grant mwaka 2007 kutoka kituo cha simu cha chuo kimoja Marekani, ambako vijana walipiga simu kuomba michango ya ufadhili wa wanafunzi. Kundi moja lilikutanishwa kwa dakika tano tu na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa michango hiyo. Mwezi mmoja baadaye muda waliotumia kwenye simu ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 142 na fedha walizokusanya kwa asilimia 171. Hawakuongezwa mshahara, hawakuongezewa msimamizi. Waliona uso. Sidai kwamba kituo cha simu cha Marekani ni sawa na zahanati ya Nachingwea, na dakika tano hazilipi malimbikizo. Ila mwalimu wa daftari alikuwa amejitengenezea mwenyewe kile walichotengenezewa wale vijana.

Kwa hiyo, kama wanaosimamia PEPMIS wananisikia, sina haja ifutwe. Nataka kila mtumishi apewe nafasi ya kuandika kipimo kimoja chake mwenyewe, kwa maneno yake, kinachomhusu mtu anayemhudumia: mtoto, mgonjwa, mkulima, mlipakodi. Kimoja kinatosha. Na msimamizi apimwe kwa swali moja kuhusu hicho: ulikaa naye lini mkakizungumza, na ulibadilisha nini baada ya mazungumzo? Hapo tutakuwa tumeirudisha ile sehemu ya OPRAS iliyokufa. Mwalimu mkuu naye apewe madaraka ya kufanya jambo dogo bila kuandika barua tatu, kama kuhamisha kipindi au kuwapokezana walimu madarasa, kwa sababu kumuuliza mtu maoni yake huku mwenye kumjibu hana ruhusa ya kubadilisha chochote ni njia ya haraka ya kumnyamazisha. Matokeo ya watoto yarudi kwa mwalimu aliyewaanzisha, kwa majina, si kwa asilimia za mkoa. Na madeni yalipwe kwa ratiba inayotangazwa, maana tarehe inayojulikana, hata ikiwa mbali, humtuliza mtu kuliko ahadi ya karibuni.

Vipi kuhusu mtumishi anayesoma makala hii akiwa kwenye kiti kinachochosha, wala hana uwezo wa kubadilisha mfumo? Namwogopa kidogo msomaji huyo, kwa sababu ni rahisi kumgeuzia kibao na kumwambia ari iko mikononi mwake. Haiko mikononi mwake yote. Wanaoandaa semina za hamasa kila robo mwaka, na posho zake, na vipeperushi vyake vya "badili mtazamo wako", wanaishi kwa kumwaminisha hivyo. Hata hivyo sehemu fulani iko, na ni ndogo kuliko inavyohubiriwa. Ni kuchagua kipande kimoja cha kazi ambacho mwisho wake unauona, na kukifuatilia hadi mwisho huo. Karani wa masjala anaweza kuchagua majalada ya mirathi, ajue ni familia ngapi zimepata barua yao. Muuguzi wa kliniki anaweza kuwafuatilia wajawazito kumi wa kwanza wa mwezi hadi wajifungue. Ukiwa na mwenzako anayefanya hivyo, mkawa mnaulizana, itadumu zaidi. Peke yako, wiki mbaya mbili zinatosha kukuangusha. Na ukishindwa mwezi huu usijione umekosa uzalendo. Kiti bado ni kilekile.

Mwezi uliopita nilimpigia simu mwalimu wa Pwani kumjulia hali. Alikuwa ametoka zamu, anasikika amechoka, nyuma yake watoto wanapiga kelele za kwenda nyumbani. Nikamuuliza daftari likoje. Majina 61 yana tarehe sasa, akasema, na wengine wawili wako njiani, labda wiki ijayo. Nikamuuliza na PEPMIS je. Akaguna. Kuna jukumu alilojaza ambalo msimamizi hajaliidhinisha, linasoma asilimia sifuri.